Tembe la Kwihara, Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wageni huuliza zaidi kuhusu ile nyumba ya udongo iliyoko Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni ya mstari mmoja tu.

Tembe la Kwihara liko wapi?

Kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, kilomita kati ya sita na nane kutegemea umeanzia wapi. Bodaboda itakufikisha bila taabu, na bajaji au teksi vilevile. Ukitaja Kwihara na dereva akasita, mwambie "kwa Livingstone". Patana naye mapema akusubiri au arudi kukuchukua, maana kule si mahali pa kusimama kando ya njia ukitegemea usafiri wa kupita.

Nani aliijenga, na lini?

Mwaka unaotajwa ni 1857. Wenye nyumba walikuwa wafanyabiashara Waarabu waliotoka Unguja na pwani, ambao wakati huo walikuwa wameshaweka makazi ya kudumu Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi ambamo Tabora ilikuwamo. Kukanda udongo na kubeba miti, bila shaka, hakukufanywa na matajiri wenyewe.

Swali lenye maana zaidi ni kwa nini walijenga hapa. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilifika Unyanyembe kisha ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema (mashariki mwa Kongo ya leo), jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na jingine likashuka kusini. Hapa palikuwa na chakula, maji, na zaidi ya yote palikuwa na watu wanaojua kazi ya upagazi. Mwenye ghala Unyanyembe aliweza kusikia bei ya pembe za ndovu ya pande zote kabla ya wenzake walioko pwani.

Mwaka huohuo wa 1857, tarehe 7 Novemba, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, jina walilolitumia kwa makazi ya Waarabu hapa. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim, ambaye baadaye alifanywa liwali wa sultani wa Zanzibar huku Unyanyembe. Mshike jina lake, atarudi.

Kwa hiyo si nyumba ya Livingstone?

Si yake. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alikuwa mgeni. Jina lake limeganda hapo kwa sababu ndiye aliyeandikwa sana, na kwa sababu mgeni wa kutoka mbali huvutwa na jina analolijua. Hakuna ubaya, ila ukiingia ukitafuta Livingstone peke yake utatoka baada ya robo saa ukisema "ndiyo hivyo tu?" Ukiingia ukijua kwamba uko ndani ya nyumba ya biashara, mahali ambapo nguo, shanga, bunduki, pembe na watu vilipitia, utaanza kuuliza kila chumba kilikuwa cha kazi gani.

Livingstone na Stanley walikutana hapa?

Hapana, walikutana Ujiji, Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Walimu, tafadhalini, hili linakosewa kila mwaka.

Basi Stanley alikuwa anafanya nini Kwihara kabla ya hapo?

Alikwama. Alifika Juni 1871, akapokewa na Said bin Salim yuleyule, akapewa nyumba Kwihara akae huku akijiandaa kwenda Ujiji. Lakini njia ya magharibi ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtawala wa Urambo, ambaye alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora juu ya ushuru wa njia na mambo mengine ya zamani.

Waarabu wakaamua kumpiga. Stanley, kijana mwandishi wa gazeti la *New York Herald*, akaona ni vita vya siku chache na akajiunga na watu wake. Mambo yakawa kinyume. Agosti 1871 jeshi la Waarabu lilivamia kijiji cha Mirambo, likapora, na likiwa njiani kurudi na mizigo ya ngawira Mirambo akalivizia. Wengi wakauawa, waliosalia wakakimbia kila mtu na roho yake. Siku chache baadaye Mirambo akaja Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji, alitoka kupambana naye na akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto.

Kutoka Kwihara Stanley aliuona moshi. Alitoboa matundu ya kupitishia bunduki kwenye kuta za nyumba, akajaza watu ndani, akapandisha bendera ya Marekani juu ya paa, akangoja. Mirambo hakufika Kwihara. Mwishoni mwa Septemba Stanley aliondoka kwa njia ya kuzunguka kusini, akipoteza wiki kadhaa ili tu asipite Urambo. Ukisimama kwenye lile paa bapa, au hata chini yake ukitazama upande wa mjini, utaelewa upesi kwa nini nyumba ya biashara ilijengwa kama ngome.

Livingstone alikaa hapa muda gani?

Yeye na Stanley walifika pamoja kutoka Ujiji tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, amebeba shajara na barua za mzee. Siku tano baadaye, tarehe 19 Machi, Livingstone alitimiza miaka 59, peke yake na watu wake hapa Kwihara.

Akabaki akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma. Wakafika Agosti, na tarehe 25 mwezi huo akaanza safari yake ya mwisho kwenda kusini kutafuta chanzo cha Nile mahali ambapo hakikuwapo. Jumla ni miezi sita na siku kadhaa, mingi yake ya kungoja. Wanaosema "aliishi miaka Tabora" wanazidisha.

Je, amezikwa Kwihara?

Hapana, lakini mwili wake ulipita hapa, na kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote vya nyumba hii. Watu wengi hawajawahi kukisikia.

Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye wangeweza kumzika na kurudi makwao, hakuna ambaye angewauliza. Badala yake waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauviringisha kwenye nguo na gome la mti, wakaubeba. Waliongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik huko India, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Wainwright alikuwa mmoja wa wale wapagazi waliotumwa na Stanley, kwa hiyo naye alianzia kazi yake kwa Livingstone hapahapa.

Oktoba 1873 habari ziliwatangulia Unyanyembe. Kwihara ilikuwa na wageni wengine: Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, waliotumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, na waliokuwa wamepewa nyumba ileile aliyokaa yeye na Stanley. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari na watu wa huko wasingekubali maiti ipite kwao. Susi na wenzake wakakataa. Mzee wao angekwenda kwao, basi.

Wakaenda mpaka Kasekera, mwendo usio mrefu kutoka hapa, na hapo wakapata ubishi walioutarajia. Wakatumia akili. Walifungua mwili usiku, wakaufunga upya ukaonekana kama robota la kawaida la nguo za biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakafanana na maiti, na watu wachache wakatumwa kuyarudisha Unyanyembe kwa heshima zote, kama vile wamekubali ushauri wa kuzika. Giza lilipoingia, wale wabebaji wakaingia porini, wakatawanya mabua kidogo kidogo, wakarudi kwa wenzao mmoja mmoja. Vijiji vikaamini maiti imerudi. Robota likaendelea hadi Bagamoyo, likafika Februari 1874, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Kuna Mzungu yeyote aliyezikwa Kwihara?

Yupo, John William Shaw, baharia Mwingereza aliyefuatana na Stanley kutoka Unguja. Walianza pamoja safari ya kuzunguka mwaka 1871, akaugua njiani, akarudishwa Kwihara akafa. Stanley alipata habari alipokuwa anarudi na Livingstone. Muulize mwongozaji akuonyeshe.

Nyumba imejengwaje?

Ni tembe, yaani nyumba ya kuta za udongo na paa bapa la udongo. Wanyamwezi na Wagogo walijenga matembe tangu zamani. Waarabu walichukua ujenzi huohuo wakauongezea walivyozoea pwani: baraza ya mbele ya kukalia wageni, mlango wa mbao wenye nakshi, ua wa ndani, vyumba vinavyotazama ua badala ya kutazama nje.

Simama kwanza mbele ya mlango. Ule ni mkono wa pwani, kazi ya patasi. Kisha weka kiganja kwenye ukuta pembeni yake: udongo mwekundu uliokandwa na kupigwa lipu, unene wake ni wa kukutosha kukaa dirishani. Adhuhuri ya Oktoba, Tabora ikiwa inachoma, ndani mna ubaridi. Madirisha ni madogo na machache kwa sababu mbili, joto na wezi. Inua macho uone boriti zilizopangwa karibu karibu kubeba uzito wa paa. Paa la tembe ni zito mno, na mvua ndiyo adui yake. Maji yakituama juu yanapenya, boriti inaoza, na ukiacha misimu michache bila kuziba nyufa, chumba kizima kinakaa chini.

Kwa hiyo ninachokiona ni cha asili?

Kwa mpango wa vyumba na umbo, ndiyo, nyumba inafuata ile ya zamani. Kwa kila tofali la udongo, hapana, imekarabatiwa sana. Nyumba za udongo ndivyo zilivyo. Hata wakati wa Said bin Salim ilipakwa upya kila baada ya masika, na hakuna aliyeona kwamba imekuwa nyumba nyingine.

Ilikuwa nyumba ya watumwa?

Ilikuwa nyumba ya biashara katika njia ambayo watumwa walipitishwa, na wengine walifanya kazi humu ndani na mashambani kuizunguka. Hilo halina mjadala. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati ya biashara ya pembe na watumwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO, yaani ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara ni moja ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Lakini kuna picha moja inayorudiwa sana ambayo inahitaji kurekebishwa: ile ya kila mbeba pembe kuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Pembe nyingi zilizotoka Unyanyembe zilibebwa na wapagazi huru wa Kinyamwezi, waliopatana ujira wao kwa nguo, walioweza kugoma na kutua mizigo njiani mkubwa wa msafara akizidisha ubabe. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Kusema hivi si kupunguza uovu wa utumwa. Ni kuwapa wale waliotembea kilomita mia nane kwa miguu yao na kwa hesabu zao haki ya kutajwa kwa walivyokuwa.

Livingstone mwenyewe alikuwa katika mtihani huo. Julai 1871 aliona mauaji ya soko la Nyangwe huko Manyema, watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni, na taarifa yake ilichangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Na bado alilala kwenye nyumba za wafanyabiashara haohao, akala chakula chao, akapitishia barua kwao. Wanafunzi wakubwa wanaweza kubishana juu ya hilo asubuhi nzima, na inafaa wabishane.

Mbona habari ni za Waarabu na Wazungu tu? Watemi walikuwa wapi?

Malalamiko ya haki. Waarabu walikaa Unyanyembe kwa ridhaa ya mtemi. Mtemi Fundikira aliwapokea na biashara ikamnufaisha. Binti yake Karunde aliolewa na Muhammad bin Juma, baba wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kwa hiyo undugu ulichanganyika na mali. Baada ya Fundikira, Mnywa Sere alijaribu kuwatoza Waarabu ushuru, wakamwondoa wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sere akapigana nao porini hadi akauawa mwaka 1865. Mirambo tumeshamtaja. Alijenga dola yake na kuishika hadi alipofariki Desemba 1884.

Wa mwisho kusimama na silaha alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyewasumbua Wajerumani hadi Januari 1893. Ngome yake ilipoingiwa, alijilipua kwenye ghala la baruti kuliko kukamatwa. Wanaokwenda Kwihara bila kusikia jina la Isike wameona nusu ya Tabora.

Ndani kuna nini cha kuona?

Picha, ramani, nakala za barua na magazeti, vitu vichache vya zamani. Usitegemee makumbusho yenye mataa na skrini. Mwongozaji ndiye maonyesho yenyewe. Mpe muda wake, muulize juu ya Susi na Chuma badala ya kumwachia akariri tarehe.

Ni lini vizuri kwenda?

Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, na njia ya udongo huteleza. Hata hivyo ukija karibu na mwisho wa mwaka utakuta miembe ya Tabora imezaa. Wenyeji husema miembe mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, na chukua maji.

Ninaruhusiwa kupiga picha?

Uliza mlangoni. Kwa watu wa kijiji, salimia kwanza: "mwangaluka" ukiwa asubuhi, na "wabeja" ukishukuru, halafu ndipo uombe. Mjini, lile boma la Wajerumani usilipige picha kiholela. Ukiona askari, weka simu mfukoni.

Mjini Tabora kuna nini kingine cha kuunganisha na safari hii?

Stesheni ya reli, ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1912. Ndiyo iliyomaliza kazi ya wapagazi. Katika karakana za reli hiyo, mwaka 1916, Wajerumani waliozingirwa vitani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wanazinunua kwa bei ya kuumiza kichwa. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakautwaa mji.

Kuna Shule ya Wavulana Tabora, aliyosoma Julius Nyerere kuanzia 1937. Kuna pia kumbukumbu ya mkutano wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa wengi walitaka kuususia. Sokoni tafuta asali ya miombo na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Asali inunue kwa kuionja, si kwa kutazama chupa.

Ninaleta wanafunzi. Mnashauri nini?

Msiwaingize wote kwa pamoja, vyumba ni vidogo. Nusu iwe ndani, nusu iwe nje ikichora ramani ya matawi ya njia ya misafara. Wapeni kazi moja: kila mtoto achague mtu mmoja aliyepita kwenye nyumba hii ambaye si Livingstone wala Stanley.

Nimebakiwa na siku moja zaidi. Niende wapi?

Urambo, kilomita kama 90 magharibi, kwenye reli ya Kigoma. Ni nchi ya Mirambo. Na ni huko Urambo ambako Jacob Wainwright, yule aliyebeba jeneza Westminster Abbey, alirudi kufanya kazi na wamisionari na akafariki mwaka 1892. Ulizia ratiba ya treni stesheni siku moja kabla, kwa sababu hubadilika, na kama huna subira ya treni kuna mabasi ya asubuhi.